Ukigatua Mapato Bila Kusawazisha, Umegatua Umaskini

Mwenyekiti, waheshimiwa viongozi, ndugu zangu nyote mliofika,

Nimeombwa nizungumzie ugatuaji wa mapato na mgawanyo wa pesa kati ya maeneo tajiri na maeneo maskini. Nitataja msimamo wangu mapema ili msipate taabu ya kuutafuta. Nchi inayoteremsha majukumu na vyanzo vya mapato kwenda ngazi za chini bila kuweka utaratibu wa kusawazisha, inagatua umaskini. Inamwambia mtoto aliyezaliwa upande mkavu wa nchi kwamba ubora wa shule yake utategemea mfuko wa majirani zake. Mimi sikubali kwamba uraia upimwe hivyo. Lakini pia sikubali kwamba kila pesa inayotumwa kwa jina la usawa inaleta usawa, na sehemu kubwa ya maneno yangu leo itakuwa juu ya hilo la pili, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapojikwaa.

Ugatuzi wenyewe nauunga mkono kwa moyo wote. Diwani anayechota maji kisima kimoja na wapiga kura wake anajua pampu iliharibika lini. Ofisa wa makao makuu anasubiri barua. Mwaka 1956 mchumi Charles Tiebout alijenga hoja ambayo imenukuliwa tangu siku hiyo: kwamba mwananchi asiyeridhika na huduma au kodi za mahali anapoishi anaweza kuhamia kwingine, na kuhama kwake ni sawa na kura, kwa hiyo serikali za chini zitashindana kumhudumia vizuri. Hoja hiyo ina ukweli kwa mtu mwenye nauli, ujuzi na mtaji. Mfugaji ambaye mali yake yote inakula majani ya eneo lake hahami. Binti anayemuuguza mzazi mgonjwa hahami. Wanaohama ni wale ambao eneo lao lilikuwa likiwahitaji zaidi, na wakiondoka wanaondoka na kodi zao. Linalobaki ni eneo lenye wazee wengi, watoto wengi na walipakodi wachache.

Tazameni na aina za kodi zenyewe. Kodi nene, yaani kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa forodha, nchi nyingi huziacha hasa mikononi mwa serikali kuu, na sababu zake ni za msingi. Kampuni ikitozwa kiwango kikubwa mji huu itahamishia ofisi mji ule. Mzigo wa bidhaa ukitozwa mara mbili njiani bei itapanda kwa kila mtu. Serikali za chini zinabaki na kodi ya majengo, ushuru wa soko, leseni za biashara, maegesho ya magari na ushuru wa mazao. Mtu hujikuna ajipatapo, na serikali ya chini hujikuna penye jengo, stendi na soko. Pasipo na jengo wala stendi, hata mkusanyaji mwaminifu kuliko wote ataambulia patupu.

Na hata hivyo vyanzo vidogo si salama. Tanzania ilifuta kodi ya maendeleo mwaka 2003, na Uganda ikasimamisha ile kodi ya kichwa iliyoitwa graduated tax mwaka 2005. Wananchi walizichukia kodi hizo, na kwa haki, maana zilimwandama maskini hadi kitandani kwake. Ila halmashauri na wilaya zilibaki zikining’inia kwenye ruzuku ya serikali kuu kuliko zamani. Kodi ya majengo Tanzania iliwahi kuhamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme kwa mita ya LUKU, yaani ya kulipia kabla. Ukusanyaji umerahisika, hilo sibishi. Ila somo moja liko wazi: chanzo cha mapato cha ngazi ya chini kinaweza kuhamishwa kwa kifungu kimoja cha sheria ya fedha, na waliokitegemea wakasoma habari hiyo gazetini.

Sasa nije kwenye kauli inayochoma zaidi katika mjadala huu. "Hizi ni pesa zetu. Sisi ndio tunaozizalisha. Kwa nini ziende kwao?"

Siidharau kauli hiyo. Anayeisema mara nyingi ni mtu anayelipa kodi kwa jasho na anaona barabara ya mtaani kwake ina mashimo. Naomba tu tuulize "zetu" hiyo imepatikanaje. Kampuni yenye mashamba au migodi katika mikoa mitano inasajiliwa katika mji mkuu na kodi yake inahesabiwa ilikosajiliwa. Ushuru wa bidhaa zinazoliwa nchi nzima unalipwa bandarini. Benki inapokea akiba ya wakulima wa mbali, na faida yake inaonekana kwenye mnara wa vioo katikati ya jiji. Takwimu za makusanyo zinatuambia pesa zililipiwa wapi. Hazituambii zilitoka wapi.

Halafu kuna historia, na hapa nawataka mnivumilie kidogo kwa mfano wa Kenya. Mwaka 1965 serikali changa ya nchi hiyo ilitoa waraka wa Bunge nambari 10, uliopanga kwamba pesa za maendeleo zielekezwe kwanza mahali zitakapozalisha zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye usafiri na umeme, na penye watu walio tayari kwa maendeleo. Kwa hesabu za mwaka mmoja, uamuzi huo una mantiki. Ila reli ilikuwa imeshajengwa upande mmoja na wakoloni. Umeme na shule vilikuwa vimeshafuata reli. Kwa hiyo aliyekuwa nacho akaongezewa. Maeneo ya kaskazini na kaskazini mashariki yakasubiri, na yalisubiri hadi Katiba ya 2010 ilipounda kaunti 47 na kuamuru kwamba angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge, ziende kwenye kaunti hizo kila mwaka. Leo mtu wa eneo lililopendelewa kwa nusu karne akisema utajiri wake ni bidii yake peke yake, anasahau barabara iliyolipiwa na taifa zima.

Utajiri wa maeneo pia hausimami mahali pamoja. Bavaria, ambayo leo ndilo jimbo la Ujerumani linalochangia kuliko yote katika kusawazisha mapato, na ambalo limekwenda Mahakama ya Katiba kulalamikia mzigo huo, lilikuwa upande wa kupokea tangu mfumo ulipoanza hadi miaka ya 1980. Lilikuwa jimbo la wakulima. Pesa za majimbo yenye makaa ya mawe na chuma zilisaidia kulishikilia, kisha makaa ya mawe yakaanguka na Bavaria ikainuka. Alberta nchini Kanada, kabla ya mafuta yake kuleta utajiri tunaoujua, nayo iliwahi kupokea ruzuku ya kusawazisha. Anayechora kanuni ya mgawanyo afikirie kwamba wajukuu wake wanaweza kuwa upande wa pili wa meza.

Nikiwa bado Kanada, kuna jambo ambalo nadhani limewapotosha watu wengi. Mfumo wao ulianza mwaka 1957, na tangu 1982 kanuni yake imo ndani ya Katiba: serikali za majimbo ziwe na mapato ya kutosha kutoa huduma zinazolingana kwa kiasi cha kuridhisha, kwa viwango vya kodi vinavyolingana kwa kiasi cha kuridhisha. Oktoba 2021 Alberta ilipiga kura ya maoni, na karibu asilimia 62 ya waliopiga walitaka kanuni hiyo iondolewe. Kampeni ilizungumza kana kwamba serikali ya Alberta inaandika hundi na kuipeleka Quebec. Haiandiki. Ruzuku inatoka katika mfuko wa serikali ya shirikisho, na mfuko huo unajazwa na walipakodi wote kwa viwango vilevile popote wanapoishi. Mwenye kipato kikubwa wa Alberta analipa sawa na mwenye kipato kama hicho wa Quebec. Alberta inachangia zaidi kwa sababu ina wenye vipato vikubwa wengi zaidi. Mchumi James Buchanan aliieleza hoja hii mwaka 1950: watu wawili walio sawa kwa kila hali, mmoja kwenye jimbo tajiri na mwingine kwenye jimbo maskini, wakitozwa kodi ileile hawatapata huduma ileile, kwa sababu tu majirani wa huyu wana pesa na majirani wa yule hawana. Kusawazisha ni kumrudishia yule wa pili haki aliyoipoteza kwa kosa la anwani.

Basi, tukikubaliana kwamba kusawazisha ni haki, linakuja swali gumu kuliko yote: tunasawazisha nini?

Naomba tupige hesabu kidogo pamoja. Chukueni majimbo mawili yenye idadi sawa ya watu. Katika la kwanza, mali na biashara zinazoweza kutozwa kodi zina thamani ya 900 kwa kila mtu. Katika la pili ni 300. Yote mawili yanatoza asilimia 10. La kwanza linapata 90 kwa kila mtu, la pili 30, na wastani wao ni 60. Jimbo la pili likitaka kufikia tu wastani huo kwa nguvu zake, lazima litoze asilimia 20, na hapo ndipo mwenye duka la jumla atafunga na kuvuka mpaka. Kwa hiyo serikali kuu inaingia na ruzuku ya 30, jimbo linafika 60, na wote tunapumua.

Lakini ile 30 tumeipataje? Kuna njia mbili, na zinatofautiana kama mchana na usiku. Ya kwanza ni kutazama jimbo limekusanya kiasi gani kweli na kujazia pengo. Hiyo inaonekana ya huruma. Ngoja ofisa wa mapato wa jimbo hilo aanze kula na wafanyabiashara, makusanyo yashuke kutoka 30 hadi 15. Serikali kuu itajazia 45 na jimbo litafika palepale kwenye 60. Uzembe umelipiwa na taifa, na hakuna aliyefukuzwa kazi. Likija jimbo jingine lenye bidii, likapanga daftari lake la majengo vizuri na kufikisha 40, ruzuku yake inakatwa. Bidii imeadhibiwa.

Njia ya pili ni kutazama jimbo lingeweza kukusanya kiasi gani kama lingetoza kwa bidii ya kawaida. Uwezo, si makusanyo. Uwezo wa jimbo la pili ni 30, basi ruzuku ni 30, hata ofisa wake akilala. Akikusanya 15, wananchi wake watabaki na 45 na watajua wa kumuuliza. Akikusanya 40, watabaki na 70, na hiyo 10 ni yao. Kanada na Uswisi zinakwenda kwa mwendo huu. Mageuzi ya Uswisi, yaliyopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 2004 na kuanza kazi 2008, yanapima uwezo wa rasilimali wa kila kantoni, yaani jimbo la huko, tena yana mafungu ya pembeni kwa kantoni za milimani ambako barabara ni ghali na kwa za mjini ambako matatizo ya jamii ni mengi.

Hayo mafungu ya pembeni ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Zahanati inayohudumia watu 2,000 walio kwenye kata yenye umbo la ngumi, na zahanati inayohudumia watu 2,000 waliotawanyika kilomita 60 kila upande, zinanunua dawa zilezile. Lakini ya pili inahitaji gari, mafuta, dereva, posho ya kulala njiani, na friji ya chanjo inayosafiri. Ukizipa pesa sawa kwa kila kichwa, hukuzitendea sawa. Mwaka 2020 wakati Seneti ya Kenya ilipokuwa ikibishania kanuni ya tatu ya ugavi, yaani hesabu ya kugawia kaunti pesa, ilisikika sana kauli ya "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja". Naelewa uchungu wa kaunti zenye watu wengi zilizoisema. Foleni ya wagonjwa mjini Thika au Kakamega ni ya kweli. Lakini shilingi moja haifiki mbali sawa kila mahali, na huduma ndiyo haki ya mwananchi. Shilingi ni chombo tu cha kuifikia.

Mvutano ule wa Kenya unastahili kukumbukwa hata na wasio Wakenya. Vikao viliitishwa na kuahirishwa mara kwa mara, maseneta watatu wakakamatwa siku moja ya kikao, na kaunti zikakaa bila mgao. Ulimalizika Septemba 2020 kwa njia ambayo nchi nyingi huishia: ikakubaliwa kwamba kanuni mpya isitumike hadi fungu la jumla liongezwe, ili kaunti yoyote isipoteze. Fungu lilipanda kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Amani ilipatikana, nami nilifurahi. Ila ahadi ya kwamba hakuna atakayepoteza ina bei. Australia inaijua. Jimbo la Australia Magharibi, lenye madini ya chuma mengi, lilishuka mwaka wa fedha 2015-16 hadi kupata senti 30 kwa kila dola ambayo lingepata kama mgao ungefuata idadi ya watu tu, tena wakati bei ya chuma ilikuwa imeshaanguka, kwa kuwa hesabu ilitumia wastani wa miaka iliyopita. Kilio chao kilikuwa na msingi. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa: ikawekwa sakafu ambayo jimbo halitashuka chini yake, na majimbo mengine yakaahidiwa kwamba hayatadhurika. Bei ya chuma ikapanda tena, na gharama ya ahadi hiyo kwa serikali ya shirikisho ikapita mbali makadirio ya mwanzo. Jimbo tajiri likaongezewa kutoka mfuko wa wote. Jimbo hilohilo lilikuwa limepiga kura ya kujitenga mwaka 1933, ambao ndio mwaka ilipoundwa tume huru ya kugawa ruzuku za majimbo. Kwa hiyo hofu ya wanasiasa kulikasirisha jimbo hilo haikuanza jana.

Kila kanuni pia inafundisha tabia. Brazil hugawia manispaa zake sehemu ya kodi za shirikisho kwa madaraja ya idadi ya watu. Manispaa yenye watu hadi 10,188 iko daraja la chini, kipimo 0.6. Akizaliwa mtu mmoja zaidi inapanda hadi 0.8, yaani mgao unaongezeka kwa theluthi nzima kwa sababu ya mtoto mmoja. Mameya wa huko hupigania matokeo ya sensa kama wanavyopigania kura. Na kwa kuwa manispaa ndogo hupata nyingi zaidi kwa kila kichwa, baada ya Katiba ya 1988 ziliundwa manispaa mpya zaidi ya 1,000. Kila moja na meya wake, madiwani wake na magari yake. Indonesia, iliyogatua kwa kishindo mwaka 2001, iliweka mishahara ya watumishi ndani ya hesabu ya ruzuku ya wilaya. Wilaya ikiajiri zaidi, inahesabiwa kuwa na mahitaji zaidi. Mtu mwenye akili timamu angefanya nini? Aliajiri.

India walijaribu kuliona hilo mapema. Kwa miaka mingi Tume yao ya Fedha, inayopendekeza mgao wa majimbo, ilitumia hesabu ya watu ya 1971 kwa makusudi, ili jimbo lisinufaike kwa kuzaana. Tume ya Fedha ya 15 ikahamia sensa ya 2011, na majimbo ya kusini kama Kerala na Tamil Nadu, yaliyopunguza uzazi kwa kuelimisha wasichana na kujenga zahanati, yakaona yanaadhibiwa kwa kufanikiwa. Tume ikaweka asilimia 12.5 ya kanuni kwa ajili ya mafanikio katika idadi ya watu, huku asilimia 45 ikienda kwa umbali wa kipato cha jimbo kutoka kwa jimbo lililo juu. Sidhani jeraha limepona, lakini nawasifu kwa jambo moja: vipimo na uzito wake viko wazi, mtu wa Chennai anaweza kukaa na kalamu akajihesabia.

Kuhusu mali ya ardhini, yaani mafuta, gesi na madini, nitasema machache ingawa lingejaza siku nzima. Wanaoishi juu ya kisima cha mafuta wana dai la pekee, kwa sababu wao ndio wanaopoteza mto wa kuvua na hewa ya kuvuta. Nigeria ilipopata uhuru, nusu ya mrabaha, yaani malipo ya kuchimba mali hiyo, ilirudi kwenye eneo la asili. Serikali za kijeshi ziliiteremsha sehemu hiyo hatua kwa hatua hata ikawa haifiki asilimia 5. Uchungu wa Delta ya Niger, eneo la mafuta la nchi hiyo, ulitokana kwa sehemu kubwa na hapo. Mwandishi na mwanaharakati Ken Saro-Wiwa na wenzake 8 walinyongwa Novemba 1995 baada ya kudai haki ya Waogoni, jamii ya Delta hiyo. Katiba ya 1999 iliweka kiwango kisichopungua asilimia 13. Naona ni haki eneo la asili kupata sehemu kama hiyo, kwanza kama fidia ya madhara. Naona pia ni hatari kuipandisha hadi nusu, kwa sababu mafuta hayakuwekwa ardhini kwa bidii ya mtu, na jimbo jirani lisilo na kisima lina watoto walewale wanaohitaji walimu.

Nigeria inatufundisha na jambo jingine, ambalo kwangu ndilo kidonda kikubwa. Pesa zikitoka makao makuu ya taifa hadi makao makuu ya jimbo, zinaweza kukomea hapo. Kwa miaka mingi mgao wa serikali za mitaa wa nchi hiyo ulipitia akaunti za pamoja zilizoshikwa na magavana, hadi Julai 2024 Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba mgao huo ulipwe moja kwa moja kwa serikali za mitaa zenyewe. Tunaposema "eneo maskini" tunazungumza kana kwamba eneo ni mtu mmoja mwenye njaa moja. Eneo maskini lina matajiri wake, na wengine wametajirikia zabuni za ruzuku hiyohiyo. Eneo tajiri lina mitaa ya mabanda ambako watu hununua maji kwa ndoo. Kusawazisha kati ya maeneo hakuwezi kuchukua nafasi ya kodi ya mapato inayomtoza mwenye nacho popote alipo, wala ya malipo ya pensheni na ruzuku za familia yanayomfikia maskini mmoja mmoja. Vinatakiwa viende pamoja.

Kenya imepiga hatua moja hapa ambayo haikuzungumzwa vya kutosha. Katiba yake ilianzisha Hazina ya Usawazishaji, asilimia 0.5 ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Sera ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kaunti 14. Sera ya pili ikashuka chini ya kaunti, ikataja maeneo 1,424 katika kaunti 34. Kumbe hata ndani ya kaunti zinazoonekana kujiweza kulikuwa na kata ndogo zilizosahauliwa, na ndani ya zile maskini kulikuwa na miji isiyohitaji fungu hilo. Kupima kwa namna hiyo ndiko ninakokutaka. Kwa bahati mbaya pesa za hazina hiyo zimechelewa na kupungua mwaka baada ya mwaka, na ramani nzuri isiyo na pesa haichimbi kisima.

Kuchelewa kwenyewe nako ni aina ya kunyang’anya. Serikali kuu ikikaa na mgao miezi mitatu, wauguzi wanakosa mshahara, msambazaji wa dawa anagoma, na serikali ya chini inakwenda benki kukopa kwa riba. Jimbo lenye mapato yake ya soko na majengo linajikimu miezi hiyo mitatu. Jimbo linalotegemea ruzuku kwa asilimia 90 linafunga milango ya zahanati. Kwa hiyo hata kama kiasi cha mwisho wa mwaka ni kilekile kilichoandikwa kwenye sheria, ucheleweshaji umempiga maskini peke yake.

Ndiyo maana, ndugu zangu, ninapoulizwa nchi ianzie wapi, sianzi na asilimia. Naanza na tarehe. Sheria itaje siku ya mwezi ambayo mgao lazima uwe kwenye akaunti, na itaje riba ambayo serikali kuu italipa kwa kila siku ya kuchelewa, kama inavyomtoza mlipakodi aliyechelewa. Kisha tume inayopendekeza kanuni iwe huru kweli, na iwe na takwimu zake: si makusanyo ya jana tu, bali thamani ya majengo, mauzo, ardhi na watu, ili ipime uwezo. Kisha jedwali lote, kila kipimo na uzito wake, lichapishwe kabla ya wabunge kulipigia kura, katika lugha inayosomwa na watu wanaoguswa nalo. Na jimbo linalopokea lichapishe kwa kila kata: tulipokea hiki, mmepata hiki. Mkiwa kwenye kikao cha maoni ya bajeti, hilo la mwisho mliulize kwanza, kabla hamjauliza jirani yenu tajiri amechangia kiasi gani, maana jibu lake liko ofisi ya karibu na nyumbani na anayelijua mnamfahamu kwa jina.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nakaribisha maswali.